Chupa Yenye Jina la Lea

Iringa,
11 Machi 1974

Mdogo wangu Saulo,

Ndaga, asante sana kwa barua yako ya kurudi kutoka Nairobi. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mwanangu Lusia, naye alibaki na swali moja tu: mjomba ameniletea nini? Nikamwambia mjomba ameleta elimu. Hakufurahi.

Huku ukungu umeanza kushuka asubuhi. Watoto wanapanga mstari uwanjani na miguu yao haionekani. Ukungu ukiwa mzito hivi nakuona wewe kule kwetu Rungwe, umevaa koti la baba linalofagia chini, unanifuata kisimani huku unahesabu migomba kwa sauti. Kila ukifika namba saba uliiruka. Sijui saba ilikukosea nini.

Shemeji yako Malimi yuko Rujewa wiki ya tatu sasa, ng'ombe wa Usangu wanachanjwa, na bwana mifugo ni yeye peke yake. Mama yake, Ng'washi, ameshahamia huko na mifugo yake kutoka Usukumani. Anasema nchi ni nzuri ila watu wanaongea kama ndege.

Sasa nina swali. Kuna mwalimu mwenzangu anaitwa Lea, tunafundisha pamoja darasa la tatu. Ameota uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama haragwe, hauumi. Anaogopa kwenda hospitali na anaogopa kukaa nao. Ameniuliza mimi kwa sababu anajua ndugu yangu ni mtu wa maabara. Ugonjwa ule unatembeaje mwilini? Na ni kweli unaruka kwa mtu mwingine? Nijibu kwa maneno ya kawaida, siyo ya Nairobi.

Dada yako,
Sekela


Mbeya,
2 Aprili 1974

Dada Sekela,

Shikamoo. Mwambie Lusia nimemletea penseli sita za rangi. Zimekaa mezani kwangu hapa Mwanjelwa zinasubiri mtu wa kuzileta.

Mwambie Lea aende hospitali kesho, siyo wiki ijayo. Uvimbe usiouma ndio wa kuogopa. Na mwambie kansa hairuki kwa mtu. Ukila naye sahani moja, ukilala naye kitanda kimoja, huipati. Ni mwili wake mwenyewe uliokosea njia. Seli moja inasahau kuacha kujigawa, basi.

Lakini inavyotembea! Hapo umenigusa dada. Vitabu vinasema seli zinabanduka, zinaingia kwenye damu, zinakwenda kuota mahali pengine kama mbegu. Sawa. Ila Nairobi walituonyesha hadubini ya elektroni, mashine inayojaza chumba kizima, na picha zake naziota mpaka leo. Seli ya kansa haikai peke yake. Umeona uji unavyotokota, vipovu vikainuka na kukatika? Ndivyo ilivyo pembeni yake. Vipovu vidogo sana, ukivipanga mia nane hivi ndipo upate unene wa unywele mmoja. Nilimwuliza mwalimu wetu ni nini. Akasema ni takataka, seli inatema uchafu. Watu wote wakaandika "takataka."

Mimi sikuandika. Takataka hazifanani, lakini vile vilifanana kama punje za ulezi. Na vimefungwa vizuri, kila kimoja na ngozi yake. Nani anafunga takataka? Mimi nadhani vina kitu ndani. Nadhani vinatangulia kwenye damu, vinafika mahali kama mfupani au kwenye mapafu, vinapalainisha, halafu seli yenyewe ikifika inakuta kumeshaandaliwa. Usinicheke. Hapa kazini walinicheka vya kutosha.

Labda naufikiria sana ugonjwa huu kwa sababu ya mama. Namkumbuka kidogo mno. Nakumbuka mlango wa jiko la mianzi alimolazwa, na harufu ya majani waliyokuwa wanamkandia. Na nakumbuka alisema hataki kuniona. Nilikuwa na miaka sita tu lakini neno hilo sijalisahau. Labda wagonjwa wana haki yao.

Mdogo wako,
Saulo


Iringa,
24 Aprili 1974

Mdogo wangu,

Lea amekwenda. Daktari amemkata kipande kidogo, kitapelekwa Dar es Salaam, na majibu yanaweza kuchukua miezi miwili. Miezi miwili ni mingi kwa mtu anayejigusa kila asubuhi kuona kama uvimbe bado upo.

Kwa hiyo tumefanya ujanja. Muuguzi Benedicta, rafiki yetu, amemwomba daktari nusu ya kile kipande. Anakuja Mbeya kwenye harusi ya ndugu yake, atakukabidhi chupa mkononi. Imeandikwa jina la Lea. Usiipitishe kwenye daftari la hospitali. Tazama tu, uniambie unachokiona, nami nitamwambia Lea kwa namna yangu.

Ulilolisema juu ya mama nimelisoma. Nitakujibu siku nyingine.

Sekela


Mbeya,
9 Mei 1974

Dada,

Chupa imefika. Nimekata vipande vyembamba kadiri mashine yetu ya zamani inavyoweza, nikavipaka rangi, nikavitazama kwa siku mbili. Mimi si daktari na jibu rasmi ni la Dar es Salaam. Lakini ukiniuliza mimi, ni kansa. Hakuna shaka. Seli zimebanana kama watu kwenye foleni ya unga mwaka huu, kila moja na ukubwa wake, hazina adabu ya mstari. Pembeni zimeshaanza kuingia kwenye mafuta ya titi.

Sitakuficha, nilishangilia kidogo. Tangu nirudi sijapata kipande kizuri namna hii. Kilichobaki nimekitunza kwenye fomalini na nimemwandikia yule mwalimu wa Nairobi, nimwombe akipitishe kwenye mashine ile kubwa, tuone kama vipovu vipo. Usimwambie Lea hilo, asije akafikiri tunamchezea.

Mwulize kama ana kitu kigumu kwapani. Kama kipo, wakati ni mfupi. Na kama amekaa na uvimbe huo muda mrefu akijua, basi nitasema ukweli: amejitakia. Mama yetu alikuwa hana hospitali. Mwalimu wa mjini ana kisingizio gani?

Saulo


Iringa,
30 Mei 1974

Saulo,

Lea anashukuru. Kwapani kipo. Alikaa nao miezi minane akijua. Kisingizio chake ni kwamba alikuwa na mtoto mdogo, na mume wa safari, na darasa la watoto sitini na wawili, na kila asubuhi alisema nitakwenda Jumatatu.

Nilikuahidi jibu juu ya mama. Nimeanza barua hii mara nne na kuichana.

Mama hakusema hataki kukuona. Bibi ndiye aliyesema watoto wasiingie, kwamba kile kidonda kina mdudu anayerukia watoto. Mimi niliruhusiwa kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minne na lazima awepo mtu wa kumlisha. Wewe ulikaa mlangoni pa jiko siku tatu. Ulikataa kula. Ulikuwa unakwaruza mianzi kwa kucha. Mama alikuwa anakuita, Saulo. Sauti ilikuwa imemwishia, wewe hukuweza kumsikia. Mimi nilimsikia. Alisema, "Mwache mwanangu aingie." Alisema hivyo mpaka akachoka.

Siku ya tatu bibi alinitishia kwamba ukiingia ukafa, mimi ndiye nitakuwa nimekuua. Nikatoka nikakwambia, "Mama amesema hakutaki, nenda kacheze." Ukasimama, ukajipangusa magoti, ukaenda. Hukulia. Mama alifariki Alhamisi iliyofuata.

Nimekaa na hili miaka ishirini na minne. Nilikulea, nikakufulia, nikakulipia shule kwa pareto, na kila uliponiita dada nilisikia lile neno langu. Ulivyoniandikia kwamba hairuki kwa mtu, nilitoka nje ya darasa nikakaa kwenye ngazi. Kumbe ungeweza kuingia.

Huna haja ya kujibu upesi.

Sekela


Mbeya,
17 Juni 1974

Kwa Mwalimu Lea,

Salamu. Mimi ni Saulo, ndugu yake Mwalimu Sekela, ninayefanya kazi maabara. Nakuandikia moja kwa moja kwa sababu mimi na dada yangu kwa sasa tuna jambo la kifamilia na sijaweza kumwandikia.

Natumaini umeshapangiwa siku ya operesheni. Tafadhali usikubali iahirishwe. Pia nina ombi, na una haki ya kukataa. Wakikutoa titi, naomba daktari ahifadhi kipande kimoja kwa ajili ya uchunguzi ambao unaweza kuwasaidia wengine baadaye. Niliandika maneno makali juu ya kuchelewa kwako. Kama dada alikusomea, naomba unisamehe.

Saulo


Iringa,
27 Juni 1974

Ndugu Saulo,

Nimepokea barua yako inayoniuliza habari za titi langu. Nilicheka kwanza. Nilifikiri umekosea anwani. Baadaye niliisoma tena, neno kwa neno.

Mimi ndiye Lea. Sina uvimbe. Sijawahi kukatwa popote isipokuwa kidole na jembe. Mimi na dada yako tunafundisha darasa la tatu, hilo ni kweli. Kwa mengine ameazima jina langu.

Nilimfuata nyumbani nikamwonyesha barua yako. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamwuliza, "Sekela, ni wewe?" Akasema, "Ngoja nimalize hili la Edmund, ameandika vizuri leo." Akamaliza. Ndipo akafungua vifungo vya blauzi akanionyesha.

Akaniambia nisikuandikie. Namkosea kwa kuandika, lakini kuna mambo mawili unapaswa kuyajua. La kwanza, operesheni ni Jumatatu, tarehe nane Julai. La pili, mama mkwe wake alikuja Mei, alipoisikia habari hiyo akamchukua Lusia akaenda naye Rujewa. Anasema mtoto hatakaa na ugonjwa ule. Malimi anasema mama yake ndiye mwenye kauli. Sekela hakubisha hata kidogo. Alimfungia mtoto nguo zake, akamsindikiza mpaka stendi, akarudi darasani kufundisha hesabu. Nilipomwuliza kwa nini hakukataa alisema, "Nani mimi wa kukataa?" Sikumwelewa. Labda wewe unamwelewa.

Njoo.

Lea


Rujewa,
16 Julai 1974

Dada yangu Sekela,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa mama mkwe wako. Barua hii naituma na Malimi, anaondoka sasa hivi na gari la idara, atakuwa wodini kwako kesho. Nimeona nitangulize maneno kwa sababu pale kitandani, siku ya operesheni, nilishindwa kusema. Uliponiona ulisema, "Umekonda," nami nikasema, "Chakula cha Mwanjelwa," na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu baada ya yote tuliyoandikiana. Halafu wakakusukuma ndani. Nilikaa na Lea kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Nilitamani nimtapike yule mtu aliyeandika kwamba alishangilia.

Juu ya mlango wa jiko. Nilikasirika wiki tatu, sikufichi. Nilikasirika mpaka siku moja akaja maabara msichana wa kupima malaria, nikamwuliza umri, akasema kumi na minne. Alikuwa ameshika gauni la mama yake. Nikampima kwa taabu. Dada, ulikuwa mtoto. Walikupa mama anayekufa na mdogo anayekwaruza mianzi, wakakwambia uchague. Mimi sina deni nawe. Na nimefurahi kujua kwamba aliniita. Umenirudishia mama, ingawa umechelewa.

Sasa sikia ya huku. Nilifika jana mchana. Mama Ng'washi yuko zizini, ananitazama kama mwizi wa ndama. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kumchukua Lusia ampelekee mama yake maua. Akasema, "Mtoto haendi. Nimechunga ng'ombe tangu sina meno ya mbele. Mmoja akiugua unamtenga. Hujui hilo wewe wa hospitali?"

Nikasema, "Mama, ng'ombe akivunjika mguu, unamtenga ili wengine wasivunjike?"

Akasema, "Huyo hapana. Huyo unamsogezea majani."

"Basi ugonjwa wa Sekela ni kama mguu uliovunjika. Ni wa mwili wake. Hauna mdudu wa kuruka. Mimi nimeushika kwa mikono hii miaka sita. Kipande chake mwenyewe nimekikata kwa vidole hivi."

Akaishika mikono yangu, dada, akaigeuza, akatazama kucha, akatazama viganja, kama anavyokagua mnyama mnadani. Kisha akaniuliza, "Unajua kweli, au unasema kwa sababu ni dada yako?"

Hapo ningeweza kumwambia habari za vipovu na seli. Nikaona nimwambie kingine. Nikamweleza juu ya jiko la mianzi na siku zangu tatu. Nilimwambia nilivyojipangusa magoti nikaenda kucheza. Sikuwahi kumweleza mtu. Mama Ng'washi alikaa chini kwenye gogo la zizi, akafunika mdomo kwa kanga.

Akasema, "Niliogopa tu, mwanangu. Nimezika watatu." Akaita, "Lusia! Njoo uoge, tunasafiri."

Tutakuja Alhamisi. Tuko watatu, maana bibi yake Lusia amesema haji mtu kumfunga bandeji mkwe wake wakati yeye mzima. Amekamata na jogoo.

Mdogo wako,
Saulo


Iringa,
19 Agosti 1975

Mdogo wangu Saulo,

Anayeandika ni mkono wa Lea, maneno ni yangu. Mgongo hauniruhusu kukaa.

Mwaka ulikuwa mzuri. Nimerudi darasani mihula miwili. Sasa daktari anasema ugonjwa umefika kwenye uti wa mgongo, na alipokuwa anatafuta maneno nilimsaidia. Nikamwambia najua, mdogo wangu aliniandikia kwamba unapenda mifupa.

Usije na uso wa msiba. Njoo tuzungumze habari za zamani. Siku hizi nakumbuka mambo madogo: mvua inapiga majani ya migomba tukiwa ndani, baba anachonga mpini, mama anacheka na mdomo umejaa ndizi za mbalaga. Nilikuwa nimeziweka siku zake za mwisho mbele ya zote, sikuona za nyuma. Sasa zimefunguka.

Lusia analala nami. Anakula sahani yangu, na nyama anachagua yeye. Mama mkwe anagombana na wauguzi kwa Kisukuma, nao wanamtii.

Yule mwalimu wa Nairobi amekujibu juu ya kile kipande changu? Napenda kujua kama nimefika Nairobi, hata kama ni kwenye chupa.

Dada yako,
Sekela

Ndugu Saulo, mimi Lea naongeza: usingoje likizo.


Mbeya,
6 Mei 1979

Mpwa wangu Lusia,

Nimefurahi kusikia kwamba unasoma sayansi na umeniandikia swali ambalo mwalimu wako hakulijibu: ugonjwa wa mama ulitokaje kwenye titi ukafika mgongoni wakati titi lilikuwa limeshatolewa?

Kuna ninachokijua. Mbegu zilikuwa zimeshatoka kabla ya operesheni, zikalala mfupani bila kuonekana. Kuna ninachokidhani tu. Nadhani seli zile zilituma vipovu vidogo mbele yao, na ndani ya vipovu kulikuwa na kitu cha kuufanya mfupa uwapokee wageni. Niliwahi kutuma kipande cha mama yako Nairobi. Jibu lilichukua karibu miaka miwili, yeye akiwa ameshazikwa. Lilikuwa na mistari mitano. Walisema vipovu vilionekana, vingi, ila ni uchafu wa kawaida na kipande kilihifadhiwa vibaya. Nilikisoma kile kijineno "vingi" mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia. Nimewaandikia watu wengine wawili baada ya hapo. Mmoja amekaa kimya, mwingine amenitakia heri.

Kwa hiyo sina ushahidi. Andika hivyo daftarini: mjomba anadhani, hajui. Sisi tulipokuwa wadogo wakubwa walituambia wasiyoyajua kana kwamba wanayajua, na ilitugharimu.

Nami nina swali kwako. Mimi nina vitu vichache sana vya mama yangu. Wewe ulikuwa na miaka minane. Unakumbuka nini?

Mjomba wako,
Saulo


Iringa,
2 Juni 1979

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi Ng'washi anakusalimu. Anauliza utaoa lini.

Nakumbuka mambo mengi, lakini nitakuandikia moja. Ilikuwa karibu na mwisho. Mama alikuwa hawezi kukaa, akalala ubavu, akasema nywele zinamkera. Bibi akataka kumsuka, mama akasema hapana, Lusia ndiye atakayenisuka. Mimi nilikuwa najua mtindo wa twende kilioni tu, na hata hiyo nilikuwa naikosea. Nikapanda kitandani, nikakaa nyuma yake, nikaanza. Kila nikivuta sana alikuwa anasema "polepole, fundi." Mistari ilikwenda upande. Mmoja uliishia katikati ya kichwa kwa sababu nilipotea njia. Ilichukua mchana wote. Jua lilihama kutoka kwenye blanketi mpaka ukutani.

Nilipomaliza aliomba kioo. Alijitazama muda mrefu, huku na huku. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Sasa naweza kwenda popote."

Mimi nilidhani anasema kanisani.

Mpwa wako,
Lusia Malimi